Mashine ya kwanza ya kukereza mbao: nichague ipi, na pesa niziweke wapi?

Mwanagenzi

Ndugu mafundi, salamu. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifanya useremala mdogo kwa msumeno, randa na patasi za kawaida, na sasa nimeamua kujifunza kukereza, yaani kuchonga mbao ikiwa inazunguka kwenye mashine. Nakusudia kuanza na mipini ya zana na miguu ya vigoda, kisha mkono ukishazoea nihamie kwenye mabakuli yenye upana wa shibiri moja hivi. Sina mwalimu aliye karibu, kwa hiyo kosa lolote la ununuzi nitakalofanya nitaishi nalo kwa muda mrefu.

Nimebakiwa na mashine tatu za kuchagua. Ya kwanza ni ndogo, ya kuweka juu ya meza, yenye kitanda (msingi mrefu unaobeba sehemu nyingine) cha chuma cha kusubu, uzito wa kilo 40, nafasi ya sentimita 40 kati ya ncha mbili zinazoshika mbao, na mota yenye nguvu ya nusu farasi. Ya pili ni mpya, ya kusimama, ina nafasi ya mita moja kati ya ncha na mota ya farasi mmoja, ila kitanda chake ni mabomba mawili, miguu yake ni bati lililokunjwa, na kasi yake ya chini kabisa ni mizunguko 850 kwa dakika. Ya tatu ni ya mtumba, nzito kiasi kwamba muuzaji alipoombwa aisogeze ukutani alicheka. Bei za ile ya kwanza na ya pili zinakaribiana sana. Nikizisoma namba, ya pili inashinda kila mahali, na bado moyo wangu unasita. Naomba mnieleze kinachonifanya nisite.

Mkereza wa Siku Nyingi

Kinachokufanya usite ni hilo bati, na moyo wako uko sahihi.

Anza na uzito. Kipande cha mbao unachokifunga kwenye mashine kwa mara ya kwanza hakiko sawa pande zote: upande mmoja una fundo, mwingine una gome, na kitovu ulichokikadiria kwa jicho kimekosea kwa milimita kadhaa. Kikianza kuzunguka kinavuta mashine huku na huku, na nguvu ya mvuto huo haiongezeki sawasawa na kasi, kwani ukiongeza kasi mara mbili nguvu hiyo inakuwa mara nne. Chuma kizito cha kusubu hunyamazisha mtetemo huo, lakini mabomba na bati huupokea na kuurudisha mkononi mwako, na patasi inayotetemeka haiwezi kuacha uso laini hata ikiwa imenolewa vizuri kiasi gani. Kilo 40 juu ya meza imara iliyofungwa sakafuni, na chini yake mifuko miwili ya mchanga, ni bora kuliko hiyo mita moja ya bati.

Kasi ya chini ndiyo sababu ya pili, nayo kwa mtu anayetaka mabakuli ni kubwa kuliko zote. Wakereza wengi hutumia kanuni ya makadirio: kipenyo cha kipande kwa sentimita, ukikizidisha kwa mizunguko kwa dakika, kikupe jibu kati ya 15,000 na 23,000. Kwa bakuli la sentimita 25 hiyo ni kati ya mizunguko 600 na 900, na hapo tunazungumzia bakuli lililokwisha kuwa duara. Kipande kibichi chenye gome na pembe unakianza chini ya 500, wakati mwingine chini ya 300. Mashine inayoanzia 850 haikupi nafasi hiyo, kwa hiyo dakika tano za kwanza za kila bakuli, ambazo ndizo za hatari zaidi, utazipitia kwa kasi isiyofaa. Ukitaka kuona hatari yenyewe, fikiria bakuli hilo la sentimita 25 likizungushwa kwa bahati mbaya kwa mizunguko 3,000: ukingo wake unakwenda takribani kilomita 140 kwa saa, na ufa mdogo ambao hukuuona unatosha kulipasua mara mbili.

Urefu wa mita moja unavutia, nakubali. Lakini jiulize ni lini utakereza kitu cha mita moja. Mipini ya zana ni sentimita 30, miguu ya vigoda ni 35 hadi 40, na bakuli halihitaji urefu wowote. Kipimo cha kuangalia kwa mabakuli ni upana unaoweza kuzunguka juu ya kitanda, yaani mara mbili ya kimo kutoka kitandani hadi katikati ya mhimili unaozungusha mbao. Mashine nyingi za mezani hutoa sentimita 25 hadi 30, nazo zinatosha shibiri yako.

Kuhusu mota, ya nusu farasi itakwama ukilazimisha patasi kwenye bakuli pana, na hilo kwa mwanagenzi si baya hata kidogo, kwa sababu mkanda ukiteleza unakuambia umeuma kupita kiasi kabla mkono haujaambiwa. Angalia zaidi namna kasi inavyobadilishwa. Kuhamisha mkanda kwenye puli kunapunguza kasi na kuongeza nguvu ya kusokota kwa pamoja, lakini kitasa cha umeme (kirungu cha kuzungusha kwa vidole) peke yake kinapunguza kasi bila kuongeza nguvu hiyo. Inayofaa zaidi ni mashine yenye vyote viwili, puli za hatua mbili au tatu pamoja na kitasa.

Jambo la mwisho kwa leo ni hesi ya mhimili, yaani nyuzi za skrubu zilizo kwenye ncha yake. Usinunue mashine kabla hujaijua. Hesi zinazopatikana kwa wingi ni ya inchi moja yenye nyuzi 8 kwa kila inchi, na ile ya milimita 33 yenye hatua ya milimita 3.5. Tundu la mhimili na la mkia (kichwa cha upande wa pili kinachosogea juu ya kitanda) nalo liwe la Morse namba 2, kipimo cha tundu linalopungua upana kuelekea ndani. Ukipata mashine yenye hesi ya ajabu isiyojulikana, kila chaki (kifaa chenye taya za kubana mbao) na kila sahani ya kufungia utakayoitaka baadaye itakuwa safari ya kutafuta kiungo cha kubadilishia.

Chembe ya Mti

Nakubaliana na mzee juu ya bati, ila naona tumeruka swali la pesa. Mwanagenzi, umetaja mashine tatu na hukutaja kitu kingine chochote cha kununua. Mimi nilipoanza nilitumia karibu akiba yote kwenye mashine, nikabaki na patasi za bei poa zilizokuja kwenye boksi moja na hakuna cha kuzinolea. Kwa miezi mitatu nilidhani sina kipaji. Kwa hesabu yangu ya sasa, mashine ichukue nusu ya fedha zako na isizidi hapo, nusu nyingine igawanywe kati ya kunoa, kufunga, patasi na kulinda mwili.

Na kwa kuwa huna mwalimu, nakushauri uanze na patasi za ncha za kabaidi, madini magumu kuliko chuma cha kawaida. Ni fimbo ya chuma yenye kipande kidogo cha duara au mraba kilichofungwa kwa skrubu moja. Kikiwa butu unakizungusha kidogo, ukimaliza pande zote unanunua kingine. Hakuna cherehe (mashine ya jiwe la kunolea), hakuna pembe za kukariri, na unaishika ikiwa imelala sawa na sakafu. Siku ya kwanza utatoka na kitu cha duara.

Mkereza wa Siku Nyingi

Kuhusu kugawa fedha, Chembe amesema kweli tupu. Kuhusu kabaidi nampa nusu ya haki.

Ncha hizo nyingi zinakwangua. Kwenye mbao ngumu yenye nyuzi za karibu hutagundua tofauti, lakini kwenye mbao laini, na hasa kwenye zile sehemu mbili za bakuli ambako nyuzi zinakutazama kwa ncha, zinanyofoa badala ya kukata, halafu unatumia saa nzima na msasa kusahihisha kilichofanywa kwa dakika mbili. Patasi ya mfereji iliyonolewa vizuri, hanamu yake (mteremko ulionolewa) ikisugua mbao nyuma ya makali, inakata maranda marefu yanayopita begani kama utepe na kuacha uso unaong'aa kabla hujagusa msasa. Anayeanza na kabaidi mara nyingi hubaki huko, kwa sababu kila siku anaahirisha kujifunza kunoa.

Seti ya kwanza haihitaji kuwa kubwa. Nunua patasi pana ya mfereji ya kuondolea pembe, ya milimita 20 hivi, ya kugeuza kipande cha mraba kuwa duara. Patasi nyembamba ya mfereji ya milimita 10 kwa mabonde na vifundo vya miguu. Patasi ya kukatia ya milimita 3. Na moja ya kukwangulia yenye ncha ya mviringo. Bakuli likikaribia ndipo uongeze patasi ya mfereji ya mabakuli, ile yenye shina la mviringo na mfereji wenye kina. Patasi ya mshazari iache kwanza. Ni nzuri kuliko zote mkononi mwa anayeijua, ila mgeni itamdaka kila siku.

Hapa nisisitize jambo moja ambalo lilinigharimu. Ile patasi pana ya kuondolea pembe usiipeleke kwenye bakuli kamwe. Shina lake linaloingia kwenye mpini ni bapa na jembamba, limetengenezwa kwa kazi ya kati ya ncha mbili ambako nyuzi za mbao zimelala sambamba na kitanda. Kwenye bakuli nyuzi zinakuja kwa ncha mara mbili kila mzunguko. Mimi nilijaribu nikiwa na mwezi mmoja kwenye kazi hii: nilisikia mlio kama wa tawi kavu, mpini ukabaki mkononi, na chuma nikakiokota nyuma ya mlango. Kilipitia upande gani wa kichwa changu sijui mpaka leo.

Patasi ziwe za HSS, yaani chuma cha zana za mwendo kasi. Chuma cha kaboni cha zamani kinapoteza ugumu wake ukikinoa mpaka kikabadilika rangi kuwa buluu, na mgeni lazima atakifikisha huko. HSS inavumilia joto hadi nyuzi 500 na zaidi za Selsiasi bila kulainika, kwa hiyo makosa yako ya cherehe hayataiharibu.

Tukifika kwenye cherehe yenyewe, tafuta yenye jiwe la milimita 200, na ukiweza iwe ile ya mwendo wa polepole wa mizunguko 1,450 hivi, si 2,900. Jiwe la kijivu linalokuja nalo libadilishe kwa jeupe la oksidi ya alumini, chembe namba 80, na kabla ya kulifunga lining'inize kwenye kidole kisha uligonge kwa mpini wa bisibisi: zima hulia kama kengele, lenye ufa hutoa sauti ya kufa. Kisha nunua kishikio cha pembe, kinachoshika patasi kwa pembe moja unaponoa. Wapo wanaokidharau, wakisema fundi wa kweli hunoa kwa mkono mtupu, nami nawaheshimu, lakini mwanagenzi anachohitaji ni kupata pembe ileile leo, kesho na mtondo. Bila hivyo, kila ukinoa patasi inakuwa mpya, na mkono hauwezi kujifunza.

Nikupe njia ya kupata pembe bila kupima. Paka wino wa kalamu nene kwenye hanamu yote, weka patasi kwenye jiwe lililozimwa, kisha zungusha jiwe kwa mkono robo mzunguko. Tazama wino umefutika wapi. Ukifutika karibu na makali tu, mpini uko juu mno. Ukifutika kisiginoni, yaani mwisho wa hanamu ulio mbali na makali, mpini uko chini mno. Ukifutika mstari mzima kutoka kisigino hadi makali, washa mashine, noa kwa sekunde chache, basi. Ukiona cheche zinaanza kupanda juu ya makali, simama hapohapo.

Bi Msasa

Mmezungumza mengi, na hakuna aliyetaja uso na mapafu ya huyu ndugu yetu.

Miwani peke yake haitoshi kwa mabakuli. Nunua ngao inayofunika uso mzima mpaka kidevuni, na iwe ya kuhimili mgongano, maana zile nyepesi za kukingia matone zinapasuka. Wakati wa kuwasha simama pembeni, nje ya njia ambayo kipande kingeifuata kikichomoka. Kabla ya kuwasha zungusha kipande kwa mkono mzunguko mmoja kamili uhakikishe hakigusi egemeo (mahali pa kuegemeza patasi), na hakikisha kitasa cha kasi kimerudi chini, kwa sababu jana ulimaliza na mpini mwembamba kwa kasi kubwa na leo umefunga gogo. Glavu hapana. Mikono mirefu iliyolegea, pete, mkufu na nywele zisizofungwa, vyote hapana. Ukipaka mafuta au nta wakati mashine inazunguka tumia karatasi laini inayochanika, usitumie kitambaa. Kitambaa kikishikwa kinavuta kidole.

Vumbi ndilo adui wa polepole. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka vumbi la mbao mwaka 1995 katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Maranda hayana shida, yanaanguka chini na kufagiliwa. Shida ni unga wa msasa usioonekana, unaoelea hewani saa nyingi baada ya wewe kuzima mashine. Barakoa nzuri inayokaa sawa usoni iwe kwenye orodha ya siku ya kwanza. Na kila saa unayoitumia kujifunza kukata vizuri inakupunguzia vumbi, jambo ambalo linanifanya niungane na mzee dhidi ya kukwangua.

Mwanagenzi

Nimesoma yote mara mbili. Ile ya bati nimeiacha. Sasa ninavutwa na ya mtumba, kwa kuwa inazunguka sentimita 35 juu ya kitanda na kasi yake ya chini imeandikwa 300. Keshokutwa nakwenda kuitazama. Nikague nini? Na je, chaki ya taya nne ni ya lazima mwanzoni?

Mkereza wa Siku Nyingi

Chaki si ya lazima siku ya kwanza. Mipini na miguu inashikwa kati ya ncha mbili, na bakuli la kwanza linaweza kufungwa kwenye sahani kwa skrubu nne fupi nene za mbao. Zile nyeusi za kufungia mbao za jasi ziache, zinakatika kama kiberiti. Lakini ukishaingia kwenye mabakuli utaitaka. Utakapoinunua, jifunze kuchonga vizuri ulimi, yaani kishina kinachoachwa chini ya bakuli ili taya zikishike. Upana wa ulimi uwe karibu theluthi moja ya upana wa bakuli, shingo iwe nyembamba kidogo kuliko kichwa ili taya zishike kwa mteremko, na bega la bakuli likae juu ya taya bila ncha ya ulimi kugusa sakafu ya chaki. Mabakuli mengi ninayosikia yamechomoka yalichomokea kwenye ulimi uliogusa chini.

Kwa mtumba, nenda na tochi, kitambaa na mtu wa kukusaidia kunyanyua. Zima umeme, toa mkanda, zungusha mhimili kwa vidole: uende laini, usikwaruze. Shika sahani kwa mikono miwili na uitikise mbele na nyuma, juu na chini. Ikicheza, beringi zimechoka, na beringi zinabadilishika, hivyo ni sababu ya kupunguziwa bei kuliko kukimbia. Ingiza kidole ndani ya tundu la Morse uhisi kama kuna mikwaruzo mirefu, dalili kwamba ncha iliwahi kuzunguka humo. Kaza egemeo kisha liegemee kwa uzito wako wote, lisiteleze. Halafu weka ncha moja kwenye mhimili na nyingine mkiani, usogeze mkia mpaka ziguse. Zikutane pua kwa pua. Kutu ya juu juu isikutishe. Ufa kwenye chuma cha kusubu ukutishe, kwa sababu huo hauchomelewi kirahisi.

Nenda na kipande cha mbao pia. Muuzaji anayekataa uwashe mashine na kukereza dakika mbili amekwisha kukujibu.

Chembe ya Mti

Naongeza moja tu: pima kimo. Katikati ya mhimili pawe usawa wa kiwiko chako ukisimama wima. Mashine ya zamani mara nyingi iko chini, na mgongo utakuambia baada ya nusu saa. Inapandishwa kwa magogo chini ya miguu.

Mwanagenzi

Nimerudi. Mhimili ni laini, hauchezi. Tundu la Morse ni namba 2, na ndani yake pana mikwaruzo midogo sana. Hesi ni ya inchi moja nyuzi 8. Egemeo lilishika.

Tatizo lilikuwa ncha. Nilipozikutanisha, ile ya mkiani ilipita juu ya mwenzake kwa karibu milimita mbili. Muuzaji akasema ni kawaida ya mashine za zamani. Nilikuwa nimekwisha kuanza kufunga begi langu, kisha nikakumbuka kwamba mmenishauri niende na kitambaa, nikauliza kama naweza kuuchomoa mkia. Chini yake palikuwa na tabaka la maranda na utomvu lililogandamana gumu kama gamba, bila shaka kwa miaka mingi ya kusukumwa huku na huku bila kufutwa. Nilikwangua kwa kijiti, nikafuta kitanda, nikaurudisha mkia. Ncha zikakutana. Muuzaji naye alinyamaza, maana bei tulikuwa tumekwisha kuipunguza kwa sababu ya hiyo milimita mbili.

Mashine imefika, tumeibeba watu wanne. Bado sijaiwasha. Nimenunua cherehe, jiwe jeupe, kishikio, patasi tatu, ngao na barakoa, chaki itasubiri. Swali langu ni dogo: cherehe niiweke wapi? Nafasi iliyo wazi iko upande wa pili wa chumba.

Mkereza wa Siku Nyingi

Hamisha kitu kingine kiende upande wa pili. Cherehe ikae hatua mbili kutoka kwenye mashine, kwa kimo cha kifua, iwe imekwisha kufungwa kishikio na kuwekwa pembe. Ukilazimika kuvuka chumba utajiambia patasi bado inakata kidogo. Kwa mbao ya kwanza tafuta tawi bichi lililokatwa wiki hii, unene wa kifundo cha mkono, urefu wa sentimita 25, lisilo na mafundo. Mbao mbichi inakata kama jibini na haitoi vumbi. Ligeuze duara, chonga vifundo, katakata mpaka libaki kama penseli, kisha chukua lingine. La kumi ndilo uje utuonyeshe.